Ngozi Mbichi kwenye Gobori la Mjomba Issa

Katika ukoo wa Mzee Issa pale Milola, bibi harusi hashuki garini mpaka mjomba wa bwana harusi apige gobori hewani. Issa aliisubiri siku hiyo tangu Yasini, mtoto wa dada yake na sasa bwana harusi, akiwa bado ananyonya.

Tatizo la Issa ni kupenda kung'arisha vitu. Asubuhi ya harusi akaamua gobori la marehemu baba yake lazima ling'ae. Mtutu ulishikwa kwenye ubao wake na pete mbili za shaba, basi. Skrubu ya nyuma ilishaliwa na kutu zamani. Akazivua pete, akazisugua kwa ndimu na majivu. Kuzirudisha, zikagoma. Mtu mwenye akili zake angetafuta mafuta, lakini yeye akatafuta nyundo. Pete ya kwanza ikapasuka, na ya pili ikafuata.

"Si ungeliacha tu vilevile?" mkewe Maimuna akauliza.

"Niachie mwenyewe, mama. Dawa yake naijua."

Kweli aliijua. Baba yake alimfundisha kuzungushia ngozi mbichi ya mbuzi, ambayo ikikauka inabana kuliko shaba. Ikikauka! Na kukauka kunataka jua la kutwa. Issa alikuwa na mchana mmoja mfupi, na ngozi ya mbuzi wa pilau iliyokuwa bado inachuruzika.

Akaizungushia hivyo hivyo mbichi. Alipotoka na gobori uani, mbwa wote wanaofukuza nyani mashambani walikuwa nyuma yake.

Gari likafika. Mwanahija, somo aliyemfunda bibi harusi, akaushika mlango. "Hashuki mtu hapa. Kwanza tusikie gobori!"

Issa akalisimamisha gobori chini ili ashindilie baruti. Mbwa mmoja mwekundu hakungoja. Aliing'ata ile ngozi laini, akavuta, akatimka nayo kuelekea mihogoni huku mtutu ukiburuzika nyuma yake. Issa akabaki na ubao mkononi.

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Wanawake wa upande wa pili walishaanza kumtungia wimbo, naye alijua wimbo ule angezikwa nao.

"Tumesema gobori!" Mwanahija akakazia.

Issa akauweka ubao begani, akafumba jicho moja, akavuta pumzi.

"PAAAA!"

Kuku wakaruka. Kichanga kikaangua kilio. Maimuna akajifunika kanga usoni.

Ndani ya gari shela ikaanza kutikisika. Nasma, bibi harusi mwenyewe, alikuwa anacheka mpaka pumzi zinamwishia. Akausogeza mkono wa somo wake, akashuka.

"Wewe, rudi! Hatujasikia kitu!"

"Mimi nimesikia, somo."

Akamwendea Issa moja kwa moja, akainama kidogo. "Shikamoo, mjomba."

Issa alitaka kuitikia marahaba, lakini sauti yote alikwisha kuitumia na machozi yalikuwa yanamlenga. Akaitikia kwa kichwa tu, ubao ukiwa bado begani.