Siri za Yoleida Kwenye Mkokoteni wa Maparachichi

Sauti ilifika kwanza, ikitokea puani: maparachichi, maparachichi ya siagi, laini mpaka kwenye kokwa. Wilfrido, mchuuzi wa maparachichi, alijirekodi siku aliyokuwa na mafua na hakuona haja ya kurudia. Kisha mkokoteni wake ukakata kona, kipaza sauti kimefungwa mbele kwa waya, na sauti ileile ya mafua ikaendelea bila kupumzika: "Namna ya kujua kama mvulana anakupenda au anataka tu kunakili hesabu zako."

Ilikuwa jioni, saa ambayo mtaa huo wa mji wa Barranquilla, Kolombia, hukaa barazani kwenye viti vya bembea. Viti vyote vikamgeukia Eliécer Támara.

"Huyo ni binti yako Yoleida," alisema jirani yake, Bi Argemira. "Mwambie huyo mvulana anataka hesabu tu."

Eliécer hakubisha. Asubuhi hiyo alikuwa ameweka kwenye simu ya binti yake programu ya kupeleleza kila anachokitafuta mtandaoni. Taarifa zilipaswa kuingia kwenye simu yake mwenyewe. Ziliingia kwa Wilfrido.

"Mimi, betri tu ndiyo yangu," alieleza Wilfrido, akibonyeza parachichi kwa kidole gumba. "Ila naona yanaiva haraka yakisikia umbea."

Kesho yake kipaza sauti kilitangaza namna ya kufuta ulichokitafuta kwenye simu. Watu walicheka, wakanunua mawili mawili. Jioni iliyofuata kikasema: "Namna ya kukataa sherehe ya miaka kumi na tano bila kumliza mama."

Nubia, mama yake Yoleida, akalia palepale, maana huko hakuna msichana anayetimiza umri huo bila sherehe kubwa. Gauni la waridi lilikuwa limeshashonwa, linaning'inia sebuleni, pana kuliko jokofu. Eliécer alikuwa akijifunza waltz, dansi ya baba na binti, kwa kukumbatia kiti. Nusu ya mji ilialikwa. Na Yoleida alikuwa msichana ambaye hata akiimbiwa mbele ya keki ya nyumbani hujifungia chooni.

"Nani anamtia maneno haya?" aliuliza Eliécer.

"Sikiliza vizuri, utamjua," alisema Bi Argemira, akisogeza kiti karibu na barabara.

Jumamosi Yoleida aliiacha simu chumbani, akaja mezani, akasimama mbele ya wazazi wake.

"Baba, mama, naomba niwaambie kitu. Hiyo sherehe, mimi..."

"Shh, mwanangu," alisema Eliécer. "Mkokoteni umefika kona."

Wakatoka wote wawili, kila mmoja na kiti chake. Yoleida alirudi chumbani, akachukua simu, akaandika pale pa kutafutia, kisha akawafuata nje bila viatu.

"Mama, geuka," kilisema kipaza sauti. "Niko nyuma yako. Sitaki watu wote wale wanitazame nikicheza. Nikifikiria tu, natapika."

Wilfrido akasimamisha mkokoteni, kwa heshima. Viti vya bembea vikatulia. Nubia aliinuka, akavuka baraza, akakiwekea kipaza sauti kiganja, kama mtu anayempima mtoto homa. Yoleida alikuwa hatua moja nyuma yake.

"Nimekusikia, mwanangu," Nubia alikiambia kipaza sauti, machozi yakimtoka. "Nakuahidi, sherehe ikiisha tu, tutakaa tuyazungumze yote."