Somo la Ukimya

Mwalimu wa yoga alirudi kutoka mafunzoni akiwa mtu mwingine. Alitembea polepole hata akienda msalani, na ukimuuliza kitu alifumba macho kwanza. Darasa lake lilikuwa chumba cha ghorofani, juu ya duka la vipuri, chenye spika ndogo iliyokuwa ikitoa filimbi, maporomoko ya maji na ndege. Jambo la kwanza alilofanya ni kuichomoa spika na kuitupia kabatini.

"Muziki ni kelele," akawaambia wanafunzi wake. "Mtu aliyekomaa hufanya yoga kimyakimya. Anausikiliza mwili wake."

Wifi yake, dada wa mumewe, ambaye alikaa mapokezi na ndiye aliyekuwa akichagua nyimbo, alibetua mdomo. "Haya, wifi. Tuusikilize."

Wakausikiliza. Kumbe miili ina mengi! Magoti ya mwalimu mkuu mstaafu yalilia kama mlango usiojua mafuta. Tumbo la msusi likanguruma, likanyamaza, likajibiwa na tumbo lingine upande wa dirishani. Bwana harusi mtarajiwa, aliyeburutwa pale na mchumba wake, alilala chali wakati wa mapumziko na kukoroma waziwazi. Mchumba akamtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayepima maisha yaliyo mbele yake.

Halafu siku moja wakili, mzee wa suti ambaye hata salamu alizitoa kama hukumu, akainama kugusa vidole vya miguu. Kilichomtoka hakikuwa pumzi ya puani.

Mwalimu, macho kayafumba, akasema kwa ile sauti laini aliyokuja nayo, "Vizuri. Uacheni mwili uzungumze."

"Umeshazungumza," akasema msusi.

Watu wakaangua kicheko. Wakili akakunja mkeka, akashuka ngazi kamba za viatu zikiburuzika. Hakurudi. Mwalimu mkuu naye akapotea, na wale wachumba. Waliobaki walijibana kila kona, nyuso zimewaiva, hakuna anayethubutu kuinama.

"Wifi," dada wa mume akasema, "ile filimbi haikuwa ya roho. Ilikuwa ya matumbo."

"Mambo haya hujayasoma, wewe."

"Sijayasoma. Ila nina masikio. Na pua."

Jumamosi asubuhi wifi alikwenda nyumbani kwa mwalimu kuchukua funguo za darasa. Kaka yake, mume wa mwalimu, akamfungulia, kidole mdomoni. "Yuko kwenye ukimya wake," akanong'ona. "Redio hatuwashi. Watoto hata chafya wanaimeza."

Kutoka chumbani ikasikika sauti ikiimba wimbo wa mapenzi, ikipotea njia kila mstari. Wifi akausukuma mlango. Mwalimu alikuwa mkekani, mguu mmoja hewani, spika za masikioni zimemkaa barabara, kiuno kinakwenda. Wala hakujua kwamba anapiga kelele.

"Kila siku ni hivi," kaka akasema kwa uchovu. "Tunazima redio, tunamsikiliza yeye."

Mwalimu akafumbua macho, mguu ukashuka wenyewe. "Hii... hii ni hatua ya juu. Ya mazoezi binafsi."

"Naona. Basi na wanafunzi wako wapandishe wafike hapo."

Jumatatu mwalimu akatangaza, bila kumtazama mtu usoni, kwamba darasa sasa limekomaa vya kutosha kupewa muziki. Wifi akawapigia simu waliokimbia. Wakarudi. Wakili alitandika mkeka wake pua kwa pua na spika. Bwana harusi alikuja peke yake, na hakuna aliyemuuliza.

Wifi akaweka nyimbo zenye mdundo, akapandisha sauti mpaka vioo vikatetemeka. Mbele, mwalimu alikuwa akieleza siri za pumzi. Mikono inapaa, midomo inacheza, na hakuna aliyeambulia hata neno. Walimtazama msusi tu, aliyezizoea hatua zote, na msusi alipoinama, wakainama wote kwa mpigo, kwa ujasiri mkubwa.