Chini ya Kibanio

Mimi nimekulia gereji ya rangi, kwa hiyo mtu akiniambia sioni rangi, namtazama yeye kwanza. Baba ni fundi wa kupuliza magari. Kaka yangu, aliyenitangulia kwa miaka mitatu, ndiye aliyekuwa mchanganyaji wake: unamletea gari lililokwaruzwa, analikodolea macho kidogo, anatia tone la hili na tone la lile, na ukishapuliza hujui kiraka kimeanzia wapi. Mpaka siku alipokwenda kupimwa macho aingie chuo cha urubani. Wakamrudisha na karatasi: hatofautishi nyekundu na kijani.

Baba aliisoma karatasi ile mara mbili. Kesho yake akamnyang'anya mwiko wa kuchanganyia, akampa msasa. Miaka miwili sasa kaka yangu anasugua mabati. Hakulalamika hata siku moja, maana nyumbani kwetu upole wote alipewa yeye, mimi nikapewa mdomo. Wananiita Spika. Baba kila siku ananikumbusha kwamba mdomo huponza kichwa.

Sasa ikawa zamu yangu kuomba chuo hichohicho. Mtihani nilifaulu, mahojiano nilipita. Moyo safi, mapafu safi, masikio safi. Kilibaki chumba cha macho tu, na chumba hicho kikikukataa, chuo hakikupokei tena. Asubuhi ile kaka alinisindikiza hadi mlango wa gereji, vumbi la msasa limemjaa kwenye nyusi.

"Nenda ukaruke, Spika," alisema. "Usinifikirie mimi."

Nilimwambia aache maneno yake. Nikageuka haraka asinione machozi.

Chumba cha macho kilikuwa kisafi mpaka unaogopa kukanyaga. Nesi wake ni mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Simama kwenye mstari huo."

Mbele yangu, ukutani, palikuwa na ubao wenye kadi kumi na nne. Kila kadi imejaa madoa ya rangi, na katikati ya madoa kuna namba. Kila moja ilibanwa kwa chini na ubapa wa bati. Nyuma yangu lilikuwepo dirisha kubwa lisilo na pazia, jua linaingia bila hodi.

"Zamani zilikuwa kwenye kitabu, kabatini," nesi alinieleza kwa fahari. "Watu wakawa wanazishika na vidole vyao vya mafuta. Nikazibana hapa mwenyewe, huu mwaka wa nne. Haya, soma."

"Kumi na mbili. Nane. Ishirini na tisa." Ya nne niliisoma kwa shida. Ya tano nikasita. Ya sita niliona madoa matupu. Ya saba vilevile.

Nesi akaandika kitu kwenye fomu yangu.

"Pole, mwanangu. Hutokea."

Nitasema ukweli: niliogopa. Akilini nikamwona kaka amesimama kwenye mstari huohuo, anaambiwa pole, anashukuru, anaondoka. Hapo hofu ikageuka hasira, na hasira kwangu ni dawa, hunifungua macho.

Nikaacha kutafuta namba, nikaziangalia kadi zenyewe. Lo! Nyekundu yake ilikuwa imepauka kama nguo iliyofuliwa kila siku. Gereji kwetu, ukitaka kujua rangi halisi ya gari kuukuu, huangalii boneti. Unafungua kibao cha namba, kwa sababu nyuma yake jua halijafika.

"Mama, naomba ufungue kibanio cha kadi ya sita."

"Ili iwe nini?"

"Nikikosea, nifukuze."

"Binti, umekuja kupimwa au kunipima mimi?"

Sauti zetu zilimtoa daktari chumba cha ndani, kikombe cha chai mkononi. Akasikiliza pande zote mbili, akashusha pumzi. "Fungua tu, yaishe."

Nesi akafungua. Chini ya ule ubapa palikuwa na ukanda mwembamba, upana wa kidole: madoa mekundu ya kweli, na ya kijani ya kweli. Juu yake, kadi nzima ilikuwa imechujuka.

Daktari akaweka kikombe chini. "Nesi, hiyo ya sita inasomekaje?"

"Sabini na nne," alijibu bila kugeuka.

"Unaisoma au unaikumbuka?"

Mama wa watu akavaa miwani yake. Akaitazama kadi muda mrefu, kisha akavuta kiti, akakaa.

"Siioni," alisema.

Daktari alitoa kabatini kitabu kipya, bado kiko ndani ya nailoni yake. Nilikisoma chote, namba baada ya namba, mpaka akasema, "Basi, basi, tumekusikia." Akagonga muhuri.

Sikuondoka. "Na wale mliowakataa kabla yangu?"

Nesi alikuwa ameshafungua daftari lake, kidole kinashuka kwenye majina. "Mimi nilitaka ziwe safi tu, mwanangu."

"Najua, mama. Lakini mmoja wao ni kaka yangu."

"Mpigie aje sasa hivi. Waliobaki nitawatafuta mwenyewe."

Kaka alikuja na vumbi lake vilevile. Alisoma polepole, kwa sauti ya chini, na hakukosa hata kadi moja.

Jioni baba aliisoma karatasi mpya mara moja tu. Akaenda kwenye rafu, akachukua mwiko wa kuchanganyia, akaufuta kwa shati lake, akamnyooshea kaka kwa mikono miwili.

"Miaka yote nilikuona kwa macho yangu, halafu nikaamini karatasi. Nisamehe, mwanangu."

Kaka akaupokea. Akaugeuzageuza, akaunusa kidogo, kama mtu aliyeonana na rafiki wa siku nyingi. Kisha akaurudisha mikononi mwa baba.

"Nimekusamehe, baba. Ila ukae nao wewe," alisema. "Fomu za chuo za awamu ijayo zinafungwa Ijumaa."

Baba akacheka huku machozi yanamtoka. Na mimi, Spika mzima, nikakimbilia ndani kumletea kaka kalamu.