Ribiti ya Nne

Coral Penhallow aliamka kabla ya saa kumlilia, akaenda kwenye banda lake la kazi na nguo ya kulalia ikining'inia juu ya mabuti ya mvua. Furaha ilikuwa imemnyima usingizi. Tandiko la baiskeli lilikuwa mezani alipoliacha, linang'aa, naye akalizunguka mara mbili kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua.

Alilipata kwenye mnada wa shamba moja nje ya mji wa Ballarat, ndani ya debe la misumari yenye kutu. Ngozi ilikuwa imekauka, lakini ubavuni chapa ilisomeka vizuri: Harkness, Brunswick. Hapo ndipo moyo wake uliporuka. Mama yake, Enid, alikuwa fundi wa mapambo katika kiwanda cha matandiko cha Harkness tangu akiwa na miaka kumi na mitano mpaka alipoolewa. Kazi yake ilikuwa kugongelea nyuma ya tandiko safu ya ribiti saba, vijisumari vya shaba vyenye vichwa vipana. Ribiti hizo hazishiki kitu. Ukizitoa zote, tandiko linakaa vilevile na mwendeshaji hajui. Ni za kuringia tu.

Sasa Enid ana miaka tisini na mmoja na macho yamekwisha, ila vidole bado vinaona. Kila tandiko kuukuu ambalo Coral amelifufua kwa miaka ishirini amempelekea mapajani, na kila mara Enid amelipapasa na kusema maneno yaleyale: "Zuri, mwanangu. Lakini si letu." Hasemi kwa ubaya. Ni mtu asiyejua kudanganya, na watu wa namna hiyo wanachosha. Leo basi angesema ni letu. Halafu, saa nne, Coral angelikalia mbele ya mji mzima kwenye matembezi ya baiskeli za zamani.

Alikuwa amelitengeneza tandiko hilo kwa uangalifu wote. Ribiti zilizooza alizitoa kwa keekee, akachonga mpya na kuzisugua vichwa mpaka akauona uso wake ndani yake. Hata kosa la kiwanda alilirekebisha. Ribiti ya nne, ile ya katikati, ilikuwa imekaa chini ya zile nyingine kwa nusu upana wa kidole. Bila shaka ni kazi ya Ijumaa jioni, aliwaza, ya mtu aliyechoka. Aliziba tundu lile kwa kipande cha ngozi na gundi, akatoboa jingine juu yake, na safu ikanyooka sawasawa. Alijisifu kwa chama kizima cha baiskeli za zamani. Trevor Laidlaw, katibu, alimwuliza nani ataziona ribiti zenyewe chini ya makalio yale. Coral akamjibu kwamba wivu hauna dawa.

Enid alikuwa jikoni na chai yake na mkate wa kuchoma. Coral alimwekea tandiko mapajani. Vidole vya mama vilipita juu ya ngozi, vikafika kwenye chapa, vikasimama.

"Harkness," akasema Enid polepole.

Vidole vikaenda nyuma: moja, mbili, tatu, nne. Vikarudi mwanzo. Vikahesabu tena mpaka saba.

"Zuri, mwanangu. Lakini si letu."

Coral alikasirika, na hakuficha. "Mama, chapa umeigusa mwenyewe."

Enid akasema huenda mtu aliichukua chapa yao, watu hawana haya. Kisha akaeleza jambo ambalo hakuwahi kuulizwa. Benchi la mapambo lilikuwa na wasichana saba. Msimamizi alitaka kujua kazi iliyorudishwa ni ya nani, kwa hiyo kila msichana alipewa ribiti yake katika safu, na hiyo aliishusha chini kidogo ya mstari kwenye kila tandiko alilogongelea. Dulcie alikuwa wa kwanza, Joyce wa pili. Halikutoka Harkness tandiko lisilo na ribiti moja iliyoshuka. Safu iliyonyooka yote haikupita mikononi mwao.

Coral akavuta kiti. "Mama, ilikuwepo. Moja ilishuka. Nikadhani ni kosa, nikainyoosha."

"Ipi?"

"Ya nne."

Enid alilifunika tandiko kwa mkono wake. "Ya nne ilikuwa yangu," akasema.

Saa tatu na robo walikuwa bandani wote wawili, Enid na koti juu ya nguo za nyumbani, Coral akicheka na kulia bila kujua kipi kimetangulia. Aliitoa ribiti yake ya katikati, akakichomoa kizibo cha ngozi alichokitia mwenyewe, akatafuta ribiti ya akiba. Enid aliomba nyundo. Coral akaanza kusema habari za vidole na umri.

"Shika tandiko," mama akamkata. "Usinifundishe."

Nyundo ilishuka mara tatu kwa nguvu, kisha mara moja kwa upole, kumalizia ukingo. Kidole hakikuguswa. Trevor, aliyekuja kuwahimiza, alikuta kazi imekwisha. Aliinama, akavaa miwani, akapata alichokuwa akikitafuta.

"Enid, hii ya katikati imekaa chini. Na juu yake kuna tundu tupu."

Enid alivipitisha vidole vyake kwenye safu. Kwenye ya nne vilishuka vyenyewe, kama mguu unaoijua ngazi ya nyumbani. Kisha vikapanda na kulikuta tundu.

"Na hili?" akauliza.

"Hilo ni langu, Mama," akasema Coral. "Nitaliziba."

"Liache hivyo hivyo," akasema Enid. "Sasa ni letu."