Kichupa Kilichobebwa Kifuani

Shemeji yake mpimaji alifika mlangoni mwa maabara akihema, kiganja kimefunika mfuko wa shati kama mtu aliyeficha kifaranga.

"Nimeileta, shemeji. Sijaiachia hata kidogo."

Akatoa kichupa cha damu, akamkabidhi mpimaji kwa mikono miwili. Damu ilikuwa ya mkewe, dada wa mpimaji, tumbo moja. Alilazwa ghorofa ya juu na maambukizi yaliyokuwa yamesambaa mwilini, na sasa figo nazo zilianza kugoma. Daktari alitaka kujua antibiotiki ilikuwa imebaki kiasi gani kwenye damu iliyotolewa kabla ya dozi ya leo, ili apange inayofuata. Ikiwa kidogo aongeze, ikiwa nyingi apunguze, asije akazimaliza figo.

Kichupa kilikuwa na joto.

"Barafu iko wapi?" mpimaji aliuliza.

"Ile ya kwenye kikopo? Mbeba sampuli alichelewa, nikamwambia nesi nipe mimi. Barafu nikaiacha. Damu ya mgonjwa unaitiaje baridi, jamani? Nikaibana hapa." Akajipiga kifua. "Foleni yote ya dirisha la mapokezi niko nayo hapa. Wakanicheka eti nimebeba yai. Nikawaambia niacheni nilitamie!"

Alicheka mwenyewe. Mpimaji akacheka kidogo, maana hakujua uso wake aufanye nini. Akamwomba akae kwenye benchi, nje ya kioo.

Dawa ile haiwezi joto. Hata damu ikishatoka mwilini, dawa huendelea kuvunjika humo ndani, na barafu ndiyo huichelewesha.

Alipima hata hivyo. Akazungusha damu hadi plazma ikakaa juu, nyepesi, ya manjano. Akaondoa protini, akaiingiza kwenye mashine. Pampu ikaisukuma ndani ya bomba jembamba lililojazwa unga laini, ambamo kila kitu hutoka kwa zamu yake. Kwenye skrini mstari ulitambaa, kisha zamu ya dawa ilipofika ukainuka kilima kimoja. Kilikuwa safi, mahali pake hasa, na kifupi.

Kifupi kwa kuwa mwilini dawa imepungua, au kwa kuwa imefia mfukoni? Mashine ilipima ilicholetewa, basi.

Akampigia daktari.

"Namba ni ndogo, daktari, lakini usiitumie. Damu ilipata joto njiani."

"Basi nikutolee nyingine?"

"Dozi si imeshaingia?"

"Imeshaingia," daktari alisema. "Ile ya kabla ya dozi hatuipati tena. Na dozi inayofuata lazima niiamue sasa, dawa inachanganywa. Kadiria basi."

"Sijui ilipata joto kiasi gani."

"Wewe ni ndugu yake. Ungekuwa mimi, ungeongeza?"

Mpimaji alitazama kile kilima. Akiongeza, figo. Asipoongeza, vijidudu.

"Sijui, daktari. Kweli sijui."

"Haya," daktari akasema kwa upole, akakata.

Shemeji alikuwa amesimama tayari. "Imesemaje?"

"Tutapima tena baadaye."

"Kwani nimekosea kitu?"

"Nenda ukakae naye, shemeji. Mkande miguu, anapenda."

Akaondoka haraka, amefurahi kupewa kazi. Huko juu nesi alikuwa akitundika dripu mpya, yenye dawa nyingi au kidogo, mpimaji hakujua. Hakuuliza. Alibaki na mkono juu ya simu, na simu haikulia.