Mboga za Upande wa Apollinaire

Asubuhi waashi walipokuja kuchimba msingi, Colette alikuwa barazani akichovya lengalenga, mchicha wa kwao, kwenye maji ya moto yenye chumvi. Alizichovya kidogo kidogo, akazitoa kabla hazijalegea, akazikamua kwa mikono miwili na kuzitandaza juu ya mkeka uliokuwa kivulini. Zikianikwa juani moja kwa moja huwa kahawia na kupoteza ladha. Kivulini hubaki na rangi yake mpaka kiangazi kiishe. Alisikia majembe yakigonga mawe, akainua kichwa. Waashi walikuwa wamesimama juu ya matuta yake ya karoti, na shemeji yake Apollinaire alikuwa akivuta kamba kutoka kwenye mparachichi mpaka kwenye kona ya nyumba.

Kamba ilipita katikati ya bustani. Upande wa juu ulibaki na nyumba ya Colette na ukanda mwembamba wa ardhi usiotosha hata mstari mmoja wa nyanya. Upande wa chini, wenye udongo mweusi na bomba la maji, ulikwenda kwa Apollinaire, ambaye nyumba yake ilikuwa chini kidogo, kwenye mteremko uleule wa Nyalukemba.

Hugues, mume wa Colette na mdogo wake Apollinaire, alikuwa amezikwa kabla ya Noeli. Alipokuwa hai ndugu hao wawili hawakupendana, lakini hapakuwa na kamba. Kisha mji ukatekwa, benki zikafunga milango, na Apollinaire akaacha kupata mshahara wake wa ofisini. Kila jioni alisimama ukingoni mwa uwanja wake akiyatazama maharagwe ya mjane wa mdogo wake yakipanda juu ya miti. Sokoni kila kitu kilikuwa kimepanda bei. Polepole alianza kuyaita maharagwe hayo mali ya familia.

Colette aliteremka, mikono yake ikiwa bado inatoa mvuke. Alimwambia kwamba alipoolewa hapo palikuwa na mfinyanzi mwekundu na mawe tu, na kila mvua iliyokuja ilipeleka ziwani chochote kilichopandwa. Yeye ndiye aliyepanga mawe yale kama ngazi ili udongo ushike. Yeye ndiye aliyepanda mlima na samadi kutoka kwa wafuga ng'ombe, mwaka baada ya mwaka.

"Udongo hii nilibeba na kitunga, ku mugongo," alisema. "Hugues aliona. Na wewe uliona."

"Parcelle ilikuwa ya papa yetu," alisema Apollinaire, akionyesha kiwanja chote. "Hugues alikuwa anailinda tu. Na wewe ulikuwa unamusaidia kulinda."

Waashi hawakuacha kuchimba. Ukuta ulifika kifuani, ukapita kichwa, na juu yake Apollinaire akapachika vipande vya chupa. Colette alikwenda kumtafuta wakili aliyemfahamu parokiani, akaambiwa kwamba amekimbilia Bujumbura, na kwamba hakuna ajuaye lini majaji watarudi kusikiliza kesi za viwanja. Akarudi nyumbani. Lengalenga zilikuwa zimekauka vizuri. Alizifunga ndani ya kitambaa safi na kuzitundika jikoni, juu ya moshi. Binti yake Mapendo, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, aliuliza kama watakula zile tu mpaka kiangazi kiishe. Colette alijibu kwamba ndiyo.

Upande wa pili, Fabiola, mke wa Apollinaire, alivuna siku ileile ukuta ulipokauka. Alichuma lengalenga kitunga kizima, akazikata, akazitia ndani ya sufuria pamoja na kitunguu na mafuta ya mawese. Maji yalichemka. Kitunguu kiliiva mpaka kikayeyuka. Lengalenga zilibaki mbichi. Aliongeza makala, makaa ya kupikia, akafunika sufuria kwa jiwe juu, akangoja mpaka bugali ikapoa, na alipofunua alikuta majani yamesimama wima ndani ya mchuzi, umande ukiwa bado juu yake.

Fabiola aliyalaumu makala. Kesho yake alinunua makala kwa mwanamke mwingine na kupika maharagwe. Yalichemka tangu asubuhi mpaka watoto wakalala na njaa, na yalipomiminwa yaligonga sahani kama changarawe. Karoti hazikulainika. Kabichi ilitoka kwenye maji ya moto ikiwa baridi. Apollinaire alikula bugali kwa chumvi, huku akiutazama sana ule ukuta.

Fabiola akajaribu kuzianika mboga hizo. Zilikaa juu ya bati kwenye jua kali, na hazikunyauka. Alizisahau ndani ya ghala, na hazikuoza. Basi aliona ni heri aziuze, kwa kuwa mboga isiyonyauka ni neema kwa mchuuzi, akazipeleka sokoni Nyawera. Ziliuzwa kabla ya saa sita. Siku iliyofuata wanunuzi walikuwa wakimngoja. Mmoja alimtupia kabichi kifuani, mwingine akamwambia mbele ya watu kwamba mboga zake ni za wizi, kwa sababu mboga ya halali huiva. Alirudi nyumbani na kitunga kimejaa kama alivyokwenda, akakimwaga chote ng'ambo ya ukuta. Matusi aliyoyatupa pamoja na mboga yalisikika mpaka barabarani.

Colette alikuta lengalenga zake zimetawanyika mlangoni. Aliziokota, akazipembua, akazipika. Ziliiva kabla hajamaliza kusonga bugali. Harufu yake ilipanda ukuta, ikapita vipande vya chupa, ikashuka upande wa pili, na Fabiola aliitambua.

Jioni ile Apollinaire alisimama chini ya ukuta na kusema kwa sauti ya kusikika kwa majirani kwamba shemeji yake amezifunga mboga. Colette alijibu kutoka jikoni kwamba hajui kufunga kitu. Angejua, alisema, angewafunga waashi. Neno la uchawi si neno la mchezo katika mtaa, na tangu siku hiyo wanawake wawili wa jumuiya waliokuwa wakimtembelea baada ya misa waliacha kupita kwake.

Apollinaire alimwita Floribert, chefu wa avenue, yaani mkuu wa mtaa. Floribert alikuwa mtu mnene, mpole, asiyependa kesi kuvuka siku moja. Aliamuru maharagwe ya bustani ya chini yagawanywe katika sufuria mbili, moja iwekwe juu ya moto wa Fabiola na nyingine juu ya moto wa Colette. Akaketi kwenye kiti cha plastiki barazani kwa Colette, akanywa chai, akazungumza juu ya bei ya sukari. Maharagwe ya Colette yalipoiva, aliyaonja kwa kijiko, akaomba sahani. Baadaye aliteremka kwa Fabiola, akatia kidole kwenye sufuria ya pili, akatafuna punje moja kwa taabu, akaitema.

Kisha akawaita wote kwenye uwanja wa Apollinaire kutoa uamuzi.

"Mboga ni ya Maman Colette, kila mutu ameona," alisema. "Udongo ni ya Papa Apollinaire, njo vile anasema na mimi sina kitu ya kumupinga. Basi mutaishi namna hii: yeye atavuna, wewe Maman utamuivishia."

Colette aliuliza, "Kama mboga ni yangu, udongo yenye iliizaa ni ya nani?"

"Maman," alisema Floribert, "udongo haiingiake mu sufuria."

Alisema hayo bila ubaya. Akaongeza kwamba Colette ataruhusiwa kuonja chumvi. Kuhusu uchawi aliona hakuna haja ya kuendelea, maadamu mboga zitakuwa zinaiva.

Kesho yake fundi alikuja kutoboa tundu kwenye ukuta, pana kiasi cha sufuria kubwa kupita, akalifunga kwa kijilango cha bati chenye komeo upande wa Apollinaire. Fabiola alipitisha sufuria ya kwanza. Colette aliirudisha ilivyokuja, mboga zikiwa mbichi, kifuniko kikiwa hakijaguswa. Ya pili vilevile. Sufuria ya tatu haikuja. Badala yake bomba la maji, lililokuwa limebaki upande wa chini, lilifungwa, na mpira uliokuwa ukipeleka maji kwa Colette ukakatwa.

Mapendo alianza kuteremka ziwani na bidoni kuchota maji kabla ya shule. Njia ni ya mteremko na mawe yanateleza. Kurudi na maji kichwani ni kazi ya kukata pumzi. Colette alimwambia kwamba watavumilia, kwamba mtu hawezi kumpikia mwizi kile alichomwibia. Mapendo alikubali. Walichemsha maji pale makala yalipotosha, na yasipotosha waliyanywa hivyohivyo. Baada ya siku chache Mapendo hakuweza kuinuka. Alitapika usiku mzima, macho yake yakaingia ndani, na mikono yake ikawa na ngozi ya mwanamke mzee. Colette alimbeba mgongoni mpaka kituo cha afya, akamlaza kichwa mapajani huku wauguzi wakimtundikia chupa ya seramu, na palepale kwenye benchi aliamua.

Walipomruhusu Mapendo kurudi, Colette aligonga bati la tundu. Komeo lilivutwa. Uso wa Apollinaire ulionekana, umelijaza tundu lote.

"Fungua maji," alisema Colette.

"Utaivisha?"

"Fungua maji kwanza."

Mpira ukaungwa, maji yakafunguliwa. Sufuria ikapita.

Tangu hapo ilipita kila siku, mara mbili siku za sikukuu. Fabiola aliweka kigoda chake kwenye tundu na kukaa akiangalia moto wa Colette, ili kuhakikisha kwamba kuonja chumvi hakugeuki kula. Colette akimpa kisogo, alimwamuru ageuke. Akitia kijiko mdomoni, alimuuliza kama chumvi ya jana haikumtosha. Wanawake hao waliwahi kusuka nywele pamoja, na Fabiola alisimama na Colette kanisani siku Colette alipoolewa. Sasa hawakuitana kwa jina. Upande wa Colette kulikuwa na mboga alizojaribu kuotesha kwenye ule ukanda mwembamba, lakini ukuta ulizinyima jua, zikawa ndefu, nyeupe na dhaifu. Zile ziliiva vizuri. Hazikushibisha.

Siku moja Colette aliamua kuyaunguza maharagwe. Aliongeza makala mpaka moto ukawa mweupe, akamwaga maji yote ya sufuria, akaketi akisikiliza. Fabiola alikuwa amesinzia kwenye kigoda. Maharagwe hayakuungua. Yalipofunuliwa yalikuwa laini, mchuzi mzito umeyazunguka, na yalinukia seleri, ambayo yeye hakuitia. Siku nyingine alimwaga chumvi kwa kiganja. Mboga zilikubali chumvi kiasi chake na kuiacha nyingine chini ya sufuria. Colette aliitazama ile chumvi kwa muda mrefu. Alikuwa amefikiri kwamba mboga ziko upande wake. Aliosha sufuria, na tangu siku hiyo hakuzisemesha tena wakati wa kuzipembua, kama alivyozoea zamani.

Kiangazi kilipoingia, kazi iliongezeka. Mvua zinapokoma, bustani yote hutaka kuhifadhiwa kwa pamoja. Fabiola alipitisha kwenye tundu lengalenga, majani ya maharagwe, nyanya, pilipili, karoti, na Colette akachovya, akakamua, akatandaza. Alipanga karoti ndani ya sanduku la mchanga. Pilipili alizijaza kwenye chupa na kuzifunika kwa mafuta. Mikeka yake ilijaza baraza, kisha chumba cha mbele, kisha kitanda cha Mapendo wakati wa mchana, na vyote vilivyokauka vilirudi kwa Apollinaire kupitia tundu lile. Mapendo alijisomea mtihani wake wa serikali akiwa amekaa jikoni, miguu ameikunja ili asikanyage nyanya. Alifaulu. Apollinaire aliwaambia watu kwamba familia imemsomesha.

Mboga za Apollinaire zikapata sifa. Waliokula kwake walisema hawajawahi kuonja lengalenga kavu zinazorudi kuwa mbichi namna ile zikiguswa na maji. Mwezi wa nane alikuja Guy, binamu kutoka Kamanyola, mtu mwenye malori, aliyekuwa akitafuta mahali pa kujenga juu ya ziwa. Apollinaire alimkalisha uwanjani, karibu na ukuta, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na kivuli. Colette alikuwa upande wa pili akikoroga, na kijilango kilikuwa wazi kwa sababu sufuria ilikuwa karibu kupita. Alisikia kila neno.

Guy alisema kwamba mboga ni tamu, na kwamba mteremko ni mzuri, upepo wa ziwa unafika. Halafu aliuliza, "Na ile nusu ya huko juu, uko nauzisha?"

"Tunaweza kuongea," alisema Apollinaire. "Nayo ilikuwa ya papa yetu. Lakini ule mama anabakia mulemule mu parcelle. Bila yeye hakuna kitu inaiva huku."

Guy aliona hilo si tatizo. Alitafuna kidogo, akauliza kama yule mama anajua pia kuanika sambaza, visamaki vya ziwani. Apollinaire alisema yeye hana hakika, hajawahi kumjaribu kwa samaki, lakini atamuuliza.

Colette aliinua sufuria kwa vitambaa viwili na kuiweka kwenye tundu. Mikono ya Fabiola iliichukua. Kijilango kikafungwa, na komeo likarudi mahali pake.