Herufi Kubwa za Mama Karani

Fundi wa kompyuta alipoingia ofisini kwa wakili na kutangaza kuwa mashine zote zinahamia mfumo mpya, maana ule wa zamani hauna tena ulinzi dhidi ya wezi wa mitandaoni, Mama Karani aliitikia vizuri tu. Ila moyo ulimpasuka pa!

Macho yake yalikuwa yamepungua, na hapo ofisini hakuna aliyejua. Kuchapa hakukumpa taabu. Vidole vyake vilizijua herufi kama ulimi unavyoyajua meno. Akiandika barua aliyavimbisha maandishi yakawa kama ya bango, akishasahihisha anayarudisha udogo wake kabla wakili hajaingia. Na vile vijipicha vya kubonyeza hakuvisoma kabisa. Alivikariri kwa mahali: cha kutoa karatasi kwenye printa kona ya chini kushoto, cha mafaili juu yake, basi.

Nyumbani mumewe, mstaafu ambaye sasa kazi yake kubwa ni kubishana na redio, alimshauri aseme ukweli yaishe. Mama Karani akamkumbusha tarishi wa pale ofisini: alipoumwa mgongo tu, wakili alimwambia kwa sauti tamu, mzee wangu kapumzike, na ndiyo ikawa kwaheri. Yeye hapumzishwi. Kitinda mimba wao bado yuko chuoni, na wao wawili wakishinda pamoja kwenye vyumba viwili vile, watatoana roho.

Fundi akaichukua kompyuta, akairudisha na mfumo wake mpya. Wakili alikuwa amesimama na mteja wakingoja mkataba. Mama Karani akapeleka mshale kwenye kona yake ya siku zote, akabonyeza, na kioo kikawa cheusi tii, mkataba aliokuwa hajauhifadhi ukapotea nacho. Pale pa kutoa karatasi sasa palikaa pa kuzima mashine. Mteja akaguna.

“Mama yangu,” wakili alisema kwa sauti ileile tamu, “kazi ikishakuwa nzito, kupumzika si aibu.”

“Si nzito. Nipe hadi jioni.”

Walipotoka akamwita fundi, baba wa watoto wanne mwenye mdomo mwepesi, akamwambia afunge mlango.

“Fundi, maandishi ya humu siyaoni. Nilikuwa nimekariri kila kitu kilipokaa, nawe umenihamishia nyumba nikiwa sipo.”

Fundi alicheka, akamuuliza alikuwa anaficha nini wakati mashine yenyewe ina pa kukuzia maandishi yote, kisha akanyoosha mkono kwenye kipanya. Mama Karani akauzuia.

“Usinifanyie. Nielekeze, mkono uwe wangu. Siku hupo nitakuita kwa filimbi?”

Akaanza. Akapotea, akarudi, akapotea tena pengine. Fundi akamtania kwamba kwa mwendo huo watakutwa na pensheni palepale kitini. Yeye akamwambia anyamaze, aseme tena ile hatua ya pili. Mwishowe maandishi yakatanuka, si ya barua peke yake, hata majina chini ya vijipicha. Kijipicha cha kutoa karatasi akakisoma mwenyewe, herufi kwa herufi.

Mara mlango ukafunguliwa. Wakili alisimama kizingitini, rasimu ya mkataba mkononi, na hapo alipo aliweza kusoma kioo chote. Mama Karani alishajua pa kubonyeza ili herufi zisinyae. Kidole kilienda, akakirudisha.

“Macho yangu yamepungua, mheshimiwa,” alisema. “Kazi haijapungua. Nisomee huo mkataba niuchape upya.”

Wakili akamtazama fundi, fundi akatazama dari. Basi akaanza kumsomea vifungu, mwanzo kwa haraka kama anayemtega, halafu kwa mwendo wake wa kawaida. Mama Karani akachapa. Alipomaliza, akapeleka mshale, akalisoma kwanza neno, ndipo akabonyeza. Karatasi zikatoka.

Wakili akazisoma zote akiwa wima, zingali na joto. Akatia sahihi.

“Hiyo meza igeuzwe,” alisema. “Kwa herufi hizo, mteja akikaa pale kwenye benchi atasoma siri za watu.”

Mama Karani akainuka, akashika upande mmoja wa meza, akamwonyesha fundi ashike wa pili.